Albamu nzima ao wimbo moja moja? Na disiki mbili zinachanganyikana kwenye simu

mwana_kadutu, Bukavu

Salamu wakubwa na wadogo. Maulizo ni mbili.

Ya kwanza: kwa muziki yetu ya Kongo, kuna faida gani kusikiliza albamu tangu wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, wakati albamu moja inaweza kuwa disiki mbili na kupita saa mbili? Watu wengi wanachukua nyimbo tatu zenye kujulikana, zingine wanaziacha. Kuna kitu wanapoteza?

Ya pili ni ya kazi ya mikono. Kle ya USB ya 16 GB iko na albamu karibu makumi mbili, zote MP3, nyingi zilipitia WhatsApp. Kwenye simu albamu moja inajionyesha kama albamu sita, kila mwalikwa na yake. Disiki 1 na disiki 2 zinaingiliana: wimbo 1, tena wimbo 1, wimbo 2, tena wimbo 2. Kwenye radio ya gari ndiyo hakuna mupango kabisa. Sauti nayo: za zamani ziko chini, za sasa zinapasua masikio. Kompyuta ya Windows iko. Mega ni kidogo, kwa hiyo tafazali musiniambie nilipe forfe (kifurushi cha intaneti) kubwa.

upande_b, Lubumbashi

Ndugu, mbele ya kuuliza albamu ao wimbo, uliza kwanza muziki ile ilitokea kwenye kitu gani.

Disiki ya 78 ya inchi 10 ilikuwa inabeba dakika tatu na kidogo kwa upande moja. Wakati Hugh Tracey, mutafiti wa muziki ya Afrika, alirekodi mupiga gitaa Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, ni kusema Likasi ya leo, mwaka wa 1952, albamu haikuwa kwenye hesabu: wimbo moja kwa upande, basi. Kampuni za disiki Ngoma na Loningisa kule Léopoldville, Kinshasa ya leo, zilifanya vilevile. Leo ukikuta "albamu" ya Mwenda yenye nyimbo 20, mupango wa hizo nyimbo uliwekwa na kampuni miaka mingi kisha. Kufuata namba zake si kumuheshimu mutunzi. Chagua, ruka, rudia. Mimi nashauri nyimbo tano kwa mara moja, juu gitaa moja na sauti moja kwa saa nzima vinachosha sikio, na utaanza kuamini nyimbo zote zinafanana, kumbe sikio ndilo limechoka.

Disiki ndogo ya 45 iko na mutego wake. Wimbo murefu ulikuwa unakatwa: maneno upande A, sebene (sehemu ya magitaa na kucheza) upande B. Mafaili mengi ya rumba ya miaka ya 60 na 70 yalitolewa kwenye disiki hizo, ndiyo maana unaona "Part 1" na "Part 2" ao "1ère partie" na "2ème partie". Simu inazipanga kwa alfabeti ao inaziweka mbalimbali. Mutu anasikiliza Part 1 peke yake, kisha anasema wimbo haukuwa na sebene. Pale, wimbo moja ni mafaili mawili.

Disiki kubwa ya 33 inabeba vizuri dakika 18 mpaka 22 kwa upande moja. Ukipitisha hapo mifereji inakaribiana, na fundi analazimika kushusha sauti na kupunguza besi. Ndiyo sababu disiki nyingi za miaka ya 1980 ziko na nyimbo nne ao tano tu. "Mario" ya Franco, ya 1985, peke yake inapita dakika 10. Albamu ya namna hiyo inaisha mbele ya refa kupiga filimbi ya nusu ya kwanza. Kwa hizo jibu langu ni wazi: nzima, na bila kukata wimbo katikati.

Albamu yenye kukuogopesha ilizaliwa na CD, dakika 74, kisha 80. Wakubwa wakaanza kutoa mbili kwa mara moja. Effrakata ya Koffi Olomide na Kibuisa Mpimpa ya Werrason, zote za 2001, ni disiki mbili mbili. 13ème apôtre ya Koffi, 2015, ilifika disiki nne. Sidhani kama hata mwenye kuipanga alingojea mutu akae nayo yote siku moja. Chukua disiki moja kama albamu moja, ya pili iwe ya siku ingine.

Na kitu chenye watu wanapoteza ni hiki. Wimbo wenye unapigwa kila mahali ni jenerike, ile ya kuchezesha, yenye atalaku (mwenye kupaza sauti kuchangamusha) na dansi mupya, pamoja na wimbo ao mbili zenye klipu. Lakini katika kundi, kiongozi hakuwa peke yake kutunga. Kwenye albamu za Wenge Musica waimbaji mbalimbali walikuwa na nyimbo zao, na nyingi ziko pale katikati, mahali watu wanaruka. Ukitaka kujua Ferre Gola alianzia wapi, unaenda ndani ya albamu za Wenge Musica Maison Mère; Fally Ipupa, ndani ya Quartier Latin. Ukichukua nyimbo tatu zenye kujulikana, umemusikia kiongozi. Wengine hukuwakuta.

Namna ya kufanya: disiki moja, mara mbili, bila kuruka, kwa siku mbalimbali. Mara ya kwanza usifanye kitu kingine kuliko kuandika dakika yenye sebene inaanza kwa kila wimbo. Mara ya pili fuata gitaa moja tu, mi-solo kwa mufano, juu ndiyo inafichama kati ya solo na akompa. Kisha futa bila huruma. Nyimbo zingine ziliwekwa kwa ajili ya mabanga tu, majina kuliko melodi, na hakuna zambi kuziondoa.

fundi_wa_dosie, Goma

Nachukua swali la pili.

Simu haipangi albamu kwa jina la faili wala la dosie. Inasoma tagi, yaani maneno yenye yameandikwa ndani ya MP3 yenyewe. WhatsApp inabadilisha jina la faili kuwa kitu kama AUD-20240312-WA0007.mp3, lakini tagi za ndani haizigusi. Kwa hiyo albamu yenye inaonekana imeharibika inaweza kuwa nzima. Siku ingine mwambie mwenye kukutumia aitume kama dokima, si kama muziki: jina linabaki. Albamu nzima akiifunga katika ZIP moja inapita pia.

Nakili kwanza kle yote kwenye kompyuta na ufanyie kazi pale. Usiandike tagi moja kwa moja kwenye kle: umeme ikikatika katikati, ao mutoto akiichomoa, faili inabaki nusu.

Pakua Mp3tag, kwa Windows ni ya bure. Fungua dosie ya albamu MOJA, si muziki yote. Bonyeza Ctrl+A, kisha upande wa kushoto jaza "Album", "Année" na "Artiste de l'album", na uhifazi kwa Ctrl+S. Hiyo ya tatu ndiyo dawa ya albamu sita. Simu ikiikuta tupu inachukua "Artiste", na pale mutu ameandika jina la mwimbaji pamoja na "feat." fulani, simu inahesabu mwimbaji mwingine na albamu ingine. Mwalikwa abaki kwenye "Artiste" ao kwenye kichwa cha wimbo. "Artiste de l'album" iwe jina moja kwa nyimbo zote, herufi kwa herufi. Olomide na Olomidé ni watu wawili kwa simu. Nafasi tupu mwishoni mwa jina nayo inatosha kupasua albamu, na hiyo huwezi kuiona kwa macho. Ndiyo sababu ni vizuri kufuta na kuandika upya kwa nyimbo zote pamoja kuliko kusahihisha moja moja.

Disiki kuingiliana: ni juu nyimbo zote ziko na namba 1, 2, 3 lakini sehemu ya disiki iko tupu. Chagua nyimbo za disiki ya kwanza, andika 1 kwenye namba ya disiki. Za pili, andika 2. Ao ufuate shauri la upande_b: jina la albamu liwe na "CD 1" na "CD 2" mwishoni, simu itaziona kama albamu mbili. Kwa albamu ndefu za kwetu naona hii ya pili ni nzuri zaidi. Kwa disiki mbili fupi, hapana.

Namba za nyimbo: tafuta mupango wa kweli nyuma ya kifuniko cha CD ao kwenye Discogs (tovuti ya orodha za disiki), na ulinganishe dakika, si majina tu. Wenye kusambaza mafaili wanabadilisha majina wanavyotaka, lakini dakika hazidanganyi sana. Ukiisha kupanga nyimbo kwa kuzivuta juu na chini, Ctrl+K inaandika namba zote kwa mara moja. Weka alama ya kuongeza sifuri ili iwe 01, 02. Bila sifuri, kifaa chenye kupanga kwa jina kitapiga 1, 10, 11, kisha 2.

Mwisho Alt+1, na uandike fomula hii ili jina la faili lifuate tagi:

$num(%track%,2) %title%

Usitie "é" na "ï" kwenye majina ya mafaili kama yanaenda kwenye radio ya gari ya zamani, inaonyesha mavitu ya ajabu. Kwenye tagi, acha aina ya ID3v2.3, ya kawaida ya Mp3tag. Radio nyingi za zamani hazielewi v2.4.

Kwenye simu, futa nakala za zamani mbele ya kuweka mupya, kisha mwambie programu ya muziki itafute upya mafaili yote. Programu inakumbuka tagi za zamani na utafikiri kazi yako haikushika.

mama_ekutere, Goma

Naongeza kidogo kwa wenye kutumia Boomplay, Audiomack ao Spotify, juu shida ni ingine kule.

Ukiingia kwa ukurasa wa mwimbaji, nyimbo zimepangwa kwa kupendwa, si kwa albamu. Shuka mpaka kwenye albamu yenyewe na uzime kuchanganya. Hii si ya Kongo tu: mwaka wa 2021 Adele aliomba Spotify waache kuweka kuchanganya mbele kwenye kurasa za albamu, na walikubali. Tena Spotify inahesabu wimbo umesikilizwa ukiisha kupita sekunde 30, kwa hiyo usishangae utangulizi murefu wa gitaa umeanza kuwa kitu cha nadra.

Angalia pia dakika. Wimbo wenye ulitoka peke yake mbele ya albamu unaweza kuwa na toleo fupi. La albamu linabeba sebene yote. Klipu za YouTube ndizo mbaya zaidi: zingine zinakata mwisho, zingine zinatia mazungumuzo katikati.

Hesabu ya mega kwa albamu ya dakika 75: kwa kbps 96 (wingi wa data kwa sekunde) ni karibu mega 54, kwa 128 ni 72, kwa 320 ni 180. Pakua mara moja mahali pako na Wi-Fi, usikilize mara 20 bila kulipa. Kusikiliza albamu ileile moja kwa moja kila siku ndiko kunakula forfe. Kwa ekutere (za masikio) za kawaida, 128 ya Ogg ao AAC inatosha. 128 ya MP3, masikio yenye kuzoea yatasikia matoazi yanalia kama maji.

mwana_kadutu, Bukavu

Asanteni sana wakubwa. Fundi, albamu zimeungana, na za disiki mbili nimezitenga. Zinabaki mambo mawili: kati ya nyimbo zenye zinapaswa kushikana (rekodi ya konseri) kuna kimya kidogo chenye kinakata makofi ya watu. Na ile ya sauti kupanda na kushuka. Je, nipandishe zote zilingane?

bafle_ya_katuba, Lubumbashi

Yaya, usipandishe kwanza. Kimya kina sababu yake. MP3 inafunga sauti katika vipande vya sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 1152, na wimbo haujazi kipande cha mwisho sawasawa. Tena programu ya kufunga inaongeza kimya kidogo mwanzoni. LAME, programu moja ya kufunga MP3, inaandika ndani ya faili ni sampuli ngapi za kutupa, na programu nzuri inazitupa. Kwa hiyo tafuta kwenye mipangilio ya programu yako mahali wameandika "gapless" ao "lecture sans blanc" na uiwashe. Poweramp, programu ya muziki ya simu, iko nayo. Zima kabisa ile ya kufifisha wimbo moja ndani ya mwingine: kwa sherehe ni nzuri, kwa albamu inakula sekunde za mwisho za kila wimbo. Kama faili lilifungwa na programu yenye haikuandika hesabu hiyo, hakuna dawa kwenye MP3. FLAC, aina ya faili yenye haipunguzi sauti, haina hiyo shida, lakini andika karibu mega 5 mpaka 7 kwa dakika moja.

Ukichoma CD ya konseri, chagua "disc-at-once". Ile ingine, "track-at-once", inaweka sekunde mbili za kimya kati ya nyimbo.

Part 1 na Part 2 za disiki za 45: mara nyingi Part 1 inafifia mwishoni, kwa hiyo kuziunganisha hakutakupa wimbo bila kovu. Zipe tu namba zenye kufuatana. Kuziunganisha kwa programu Audacity ni kufunga MP3 mara ya pili, na faili la 128 likifungwa tena linaharibika zaidi. Kubadilisha 128 kuwa 320 ni kujaza nafasi bure.

Sasa sauti. Disiki ya miaka ya 80 na albamu ya leo zinaweza kuachana kwa desibeli 6 mpaka 10, juu leo studio zinakandamiza sauti ili isikike kwa nguvu. Kuna namna mbili za kusawazisha, na hapa ndipo swali lako la kwanza linarudi. Kusawazisha kwa wimbo kunaweka kila wimbo kwenye kipimo kimoja. Ni kuzuri ukisikiliza nyimbo za kuchanganya. Lakini ndani ya albamu kunaua mupango: rumba ya polepole yenye gitaa mbili inapanda mpaka kulingana na jenerike, na jenerike ikifika haina nguvu tena. Kusawazisha kwa albamu kunahesabu kipimo kimoja kwa albamu yote, kunashusha ao kunapandisha nyimbo zote sawa, na tofauti kati yake inabaki kama ilivyotoka studio.

Kwa simu: fungua programu foobar2000 kwenye kompyuta, chagua nyimbo za albamu, bonyeza kulia, ingia kwenye ReplayGain (kipimo cha nguvu ya sauti), pima kama albamu moja. Inaandika tagi tu, sauti haiguswi. Poweramp inaweza kusoma tagi hizo. Chagua "album" kwenye mipangilio yake. Kwa albamu mbili mbili pima kila disiki peke yake kama umezitenga.

Kwa radio ya gari hiyo haisaidii, juu radio nyingi hazisomi ReplayGain. Pale tumia programu MP3Gain, hali ya albamu, lengo 89 dB yenye inakuja nayo. Inabadilisha namba ya nguvu ndani ya MP3 kwa ngazi za desibeli 1.5 bila kufunga upya, na inaweza kurudisha kama ilivyokuwa. Utasikia kila kitu kimeshuka. Pandisha kitufe cha radio, ndiyo kazi yake.

Na usihukumu albamu kwa bafle ya simu. Uzi mnene wa gitaa la besi unaanzia hertz 41, na bafle ndogo ya simu haifiki huko hata karibu. Nusu ya watu wenye kusema rumba fulani haina kitu, hawajawahi kusikia besi yake.

di_jei_wa_ibanda, Bukavu

Muko munasema vizuri, lakini ngandani (kwenye baa) albamu haina nafasi. Pale ni wimbo moja moja, na mara nyingi ni sebene peke yake. Andika dakika ya sebene mwishoni mwa jina la faili, kwa mufano "03 jina la wimbo 4m10", ili uende moja kwa moja. Tumia nakala ingine, dosie ingine, iliyosawazishwa kwa wimbo. Musichanganye dosie ya nyumbani na ya kazi, tagi zitapigana.

Makwaya pia si kama makundi. "Volume" ya kwaya iliyotoka wakati wa kaseti ilipangwa kwa pande mbili, dakika 30 na 30 kwa kaseti ya 60. Mahali upande A unaisha kunakuwa wimbo wa nguvu, na upande B unaanza na mwingine. Ukiisikiliza kwenye simu bila kupumuzika pale katikati, nyimbo mbili nzito zinafuatana na unashangaa.

fundi_wa_dosie, Goma

Radio ya gari, nilisahau kuijibu.

Radio nyingi hazipangi kwa namba wala kwa jina. Zinafuata mupango wenye mafaili yaliandikwa kwenye kle. Ukinakili mafaili mengi kwa mara moja, mupango huo unaweza kuwa wowote. Umbiza kle kuwa FAT32, si exFAT wala NTFS, juu radio nyingi za zamani hazizisomi. Unda dosie za albamu moja moja, moja kisha ingine. Ndani ya kila dosie, chagua mafaili yote, lakini uyavute kwa kushika faili la 01: Windows inaanza na lile umeshika. Kama bado zinaruka, programu DriveSort inapanga upya orodha ya FAT bila kunakili tena.

Usitie dosie ndani ya dosie ndani ya dosie. Na toa kle kwa "éjecter" mbele ya kuichomoa, ama sivyo kazi yote ya DriveSort inaweza kupotea.